Rasimu Mbele ya Wanazuoni: Mkutano wa Wachunguzi wa Tabia za Walipa Kodi

Aghalabu mwanachuoni huuendea mkutano akiwa amekwisha maliza kazi yake, naye hutaka kusikilizwa tu. Lakini iko mikutano mingine, midogo kwa idadi ya wahudhuriaji na mikubwa kwa manufaa, ambayo sharti lake ni kwamba kazi iletwe ingali mbichi, maswali yake hayajatulia na hesabu zake hazijafungwa. Miongoni mwa hiyo ni mikutano ya wachunguzi wa tabia za walipa kodi, ambamo wanauchumi, wanasaikolojia, wahasibu na maofisa wa mamlaka za mapato huketi pamoja katika ukumbi wa chuo kikuu, na kila mwenye rasimu huieleza kwa muda mfupi, kisha mwenziwe aliyekwisha kuisoma kwa makini husimama kutoa rai, ndipo mlango wa maswali ukafunguliwa kwa wote.

Swali linalowakutanisha ni jepesi kuuliza na zito kujibu: kwa nini mtu hulipa kodi? Mwaka 1972 Michael Allingham na Agnar Sandmo walimweleza mlipa kodi kuwa ni mtu apimaye faida ya kuficha mapato dhidi ya faini atakayotozwa na uwezekano wa kugunduliwa. Hoja yao ni madhubuti, na hata leo hakuna mtafiti wa kodi asiyeanzia hapo. Lakini haimmalizi binadamu, kwa kuwa katika nchi nyingi ukaguzi ni haba, na hata hivyo watu hulipa zaidi ya vile hesabu hiyo ingetarajia. Günter Schmölders wa Cologne, Ujerumani, alikuwa amekwisha kusisitiza kabla yao kwamba elimu ya fedha za umma haitimii bila ya elimu ya nafsi. Na baadaye Erich Kirchler wa Vienna akaonyesha kwamba mamlaka inayoogopwa hupata utiifu wa kulazimisha, ilhali inayoaminiwa hupata utiifu wa hiari.

Kwa nini basi rasimu isikilizwe mapema? Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba majaribio ya taaluma hii hufanywa juu ya raia walio hai, na barua ikisha kumfikia mtu mlangoni hairudishwi. Mwezi wa Januari 1995, katika jimbo la Minnesota, Marekani, walipa kodi 1,724 waliochaguliwa kwa bahati nasibu waliarifiwa kwa barua kwamba ritani walizokuwa karibu kuziwasilisha zingechunguzwa kwa makini. Wenye kipato cha chini na cha kati, kwa wastani, waliongeza kodi yao wakilinganishwa na wale ambao hawakupata barua. Lakini matajiri walitangaza kodi ndogo zaidi. Katika kulitafuta fumbuo la jambo hilo, Joel Slemrod na wenzake walifikiri kwamba huenda kwa tajiri mwenye washauri ukaguzi ni mwanzo wa majadiliano, naye haanzi majadiliano kwa kutaja kiwango cha mwisho. Tishio lile lile, basi, lilimsukuma mmoja mbele na mwingine nyuma. Mhasibu mzoefu aketiye mwisho wa ukumbi, aliyewahudumia wateja wa namna hiyo miaka mingi, ndiye awezaye kumtahadharisha mtafiti juu ya jambo kama hili kabla bahasha hazijafungwa, na ndiyo maana nashikilia kwamba watu wa kazi wasikose katika mikutano hii.

Wakati mwingine mjadala mzima huzunguka sentensi moja. Huko Uingereza, waliochelewa kulipa waliandikiwa kwamba watu tisa katika kila kumi hulipa kwa wakati. Na maneno yaliyofanya kazi zaidi yalikuwa yale yaliyoongeza kwamba msomaji yumo katika wachache sana ambao hawajalipa. Mtu asiyejua hudhani kuwa hilo ni pambo la uandishi, lakini wenye taaluma hii hulipima neno kwa neno, tena kwa haki, maana lilipelekea fedha kuingia hazina mapema.

Yaliyothibitika London, hata hivyo, hayana dhamana Kigali. Watafiti walioshirikiana na Mamlaka ya Mapato ya Rwanda walijaribu barua, barua pepe na ujumbe wa simu, na wakaona kwamba ukumbusho wa kawaida, na maneno yaliyoeleza huduma zitokanazo na kodi, vilielekea kufaa kuliko vitisho. Matokeo hayo yanastahili kuendelezwa na vyuo vyetu wenyewe. Tanzania, kwa mfano, ilianza kutumia mashine za kielektroniki za risiti mwaka 2010, na mpaka sasa mnunuzi dukani aweza kutajiwa bei mbili, moja ya mwenye kutaka risiti na nyingine, iliyo nafuu, ya asiyeitaka. Katika mapatano hayo muuzaji na mnunuzi wote wawili wananufaika papo hapo, na serikali haipo pale kaunta. Mwanafunzi atakayetaka kulichunguza jambo hili kwa jaribio itampasa aamue kwanza kama ujumbe wake aupeleke kwa muuzaji au kwa mnunuzi, na atampataje mnunuzi asiye na jina katika daftari lolote; na hayo ndiyo maswali ya kuyaweka mezani, mbele ya wenye maduka na wakaguzi, rasimu ikiwa bado na kurasa tatu.