Filamu haikuwa na sauti, juu ya nini tungali tunaisikia?

Wiki iliyopita baba mukubwa alituma video mu gurupu ya familia: kipande cha filamu ya zamani, nyeusi na nyeupe, bila sauti. Wafanyakazi wa mine wanabeba mawe, muzungu mwenye kofia anawaangalia. Akaandika: "Muone vile wazungu balikuwa banapanga kazi! Siye peke yetu hatuwezi." Watu kumi na mbili wakaweka kidole juu. Na mimi pia. Usiku sikulala vizuri, njo maana naandika.

Tuanze na mufano unaojulikana. Mwaka 1915, kule Marekani, D. W. Griffith alitoa The Birth of a Nation, filamu bila sauti ya saa karibu tatu. Wazungu waliojipaka rangi nyeusi usoni waliigiza Mweusi kama mutu wa hatari, na Ku Klux Klan wakaonyeshwa kama wakombozi. Klan ya zamani ilikuwa imekwisha kuvunjika. Mwaka ule ule ikafufuka, na filamu ikaisaidia kupata watu. Chama cha NAACP kilipinga, lakini sinema zilijaa. Basi filamu si muchezo tu.

Kwetu ilipita njia ingine. Mwaka 1927 Mubelgiji Ernest Genval alitoa Le Congo qui s'éveille, maana yake "Kongo inaamka". Filamu za koloni hazikuwa na lazima ya kusema Mweusi ni mubaya. Ilitosha kusema alikuwa analala, mpaka muzungu akamuamsha. Na mu filamu bila sauti, anayeandika maneno ya kwenye kitambaa njo anayesema peke yake. Wakulu wetu wanafungua kinywa, lakini hatusikii neno. Unaonyeshwa kijiji, kisha fabrike, na kichwa chako mwenyewe kinamalizia: "Asante muzungu."

Kulala? Union Minière ilizaliwa mwaka 1906. Watu wa Katanga walikuwa wakiyeyusha shaba karne nyingi mbele yake. Misalaba ya shaba ilichimbuliwa mu makaburi ya zamani kule Sanga, na Bunkeya ya M'siri ilikuwa soko kubwa mbele auawe mu Desemba 1891.

Mawazo yale yakageuka sheria. Wakubwa wa koloni walisema Mwafrika hawezi kutofautisha kweli na maigizo, na mwaka 1945 wakamukataza kuangalia sinema pamoja na wazungu. Akatengenezewa filamu zake, nyepesi, za kumufundisha sawa mutoto. Mutu aliyejua kuyeyusha shaba! Na leo, fundi akifanya vizuri tunasema "kazi ya muzungu". Akiharibu, tunasema "kazi ya mweusi". Hakuna anayetulazimisha tena. Tunajisemea wenyewe.

Sisemi tuchome zile filamu. Mara nyingi ni picha pekee za wakulu wetu wakitembea. Sammy Baloji, mutoto wa Lubumbashi, mwaka 2006 mu kazi yake Mémoire alichukua picha za wafanyakazi wa zamani, akaziweka juu ya picha za mitambo ya Gécamines iliyobomoka. Picha ni zile zile, ila ulizo limegeuka.

Kwa hiyo, ukipokea video kama ile, uliza matatu: Nani alilipa? Nani ana jina na nani hana? Nini kilikatwa mbele na nyuma?

Mimi niliondoa kidole changu, nikamuandikia baba mukubwa: "Wale wanaobeba mawe ni nani?" Alikaa kimya sana. Kisha akajibu: "Baba yangu alitumika pale. Furu ile aliijua kupita chef wake."

Ile haimo mu filamu. Tuiandike sisi, wangali wako wa kutuelezea.