Fahali wa Uwanjani na Mtu Aliyemlea

Katika kila mchezo ambao binadamu humkabili mnyama mbele ya hadhara, pana watu wa namna tatu: yule anayeingia uwanjani, yule anayekusanya watu na kupokea viingilio vyao, na yule aliyemlea mnyama zizini tangu alipoachishwa ziwa mpaka akafikia kimo cha kutazamwa. Wawili wa kwanza hupata sifa au faida, na aghalabu hupata vyote viwili. Wa tatu husahauliwa, ilhali bila ya yeye hao wawili hawana kitu cha kuwaonyesha watu. Nami naandika habari zake nikiwa Lubumbashi, mji ambako ng'ombe anajulikana sufuriani zaidi kuliko uwanjani, kwa kuwa naamini kwamba thamani ya desturi huonekana wazi zaidi kwa mtu anayeitazama kutoka mahali ilipokosekana.

Kukosekana huko kuna sababu zake, na sababu ya kwanza ni mdudu. Misitu ya miombo iliyoizunguka nchi ya Katanga ni makao ya mbung'o, ambaye huwatia ng'ombe maradhi ya kuwakondesha mpaka wakafa, na kwa ajili yake Walamba, Wasanga na majirani zao waliokaa hapa tangu kale walijenga maisha yao juu ya shaba, uwindaji, uvuvi na kilimo, wala hawakuyajenga juu ya makundi ya mifugo. Hata Wayeke, ambao asili yao ni Unyamwezi, nchi yenye ng'ombe, walipofika huku katika karne ya 19 na Msiri akaweka makao yake Bunkeya, satua yao ilitokana na shaba, pembe za ndovu na biashara ya misafara. Kisha ikaja reli kutoka kusini mwaka 1910, mwaka ule ule mji huu ulipoasisiwa kwa jina la Élisabethville, na migodi ya Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ikawa na maelfu ya vibarua waliohitaji kulishwa. Ndipo wafanyabiashara, miongoni mwao wale ndugu wawili Elie na Harry Susman, wakawa wananunua ng'ombe kwa Walozi, kando ya mto Zambezi, wakawaswaga mwendo mrefu hadi kwenye masoko ya migodi, mpaka homa ya mapafu ya ng'ombe ilipozuka Bulozi mwaka 1915 na njia ile ikafungwa. Huku Katanga kwenyewe mashamba ya ng'ombe yakafunguliwa katika nyanda za juu, kama vile Biano, ambako baridi na uwanda mpana wa majani huwafukuza mbung'o, na mashamba ya huko yangali yakifuga hata leo.

Basi ng'ombe aliingia Katanga akiwa hesabu ya kilo. Alishushwa behewani, akapimwa, akachinjwa, nyama yake ikaliwa kwa bukari, yaani ugali, na hakuna aliyeuliza jina lake wala jina la aliyemchunga. Fahari ya mji ikaenda kwingine, hususan kwenye mpira, na sote twajua jinsi watu wa mtaa wa Kamalondo wanavyotoka majumbani Tout Puissant Mazembe inapocheza, timu iliyotwaa ubingwa wa Afrika mara 5, tangu ule wa 1967 hadi ule wa 2015. Siilaumu fahari hiyo, maana mimi pia ni mshiriki wake. Nasema tu kwamba wako watu wengine wa lugha yetu na majirani zetu ambao fahari ya namna ile wameiweka juu ya nundu ya fahali, na inafaa tuwajue.

Walio mashuhuri kupita wote ni Waisukha na Waidakho, jamaa mbili za Waluhya wakaao kaunti ya Kakamega, magharibi ya Kenya. Kwao ng'ombe wa kupigana hufanywa kuwa wa kupigana kwa malezi. Mwenye mali huwatazama ndama zake kwa muda mrefu, akipima unene wa shingo, upana wa kifua, mwelekeo wa pembe na, zaidi ya yote, tabia: nani hutangulia majini, nani hasogezwi na wenziwe, nani akisukumwa hurudi. Yule aliyechaguliwa huondolewa katika kazi za kawaida. Hakokoti jembe, hatembei ovyo na majike, hufungwa peke yake, na majani yake hukatwa na kuletwa, pamoja na chumvi na molasi ya viwanda vya sukari. Gharama hiyo si ndogo kwa mkulima mwenye shamba dogo, na Kakamega ni nchi yenye watu wengi na mashamba membamba, walakini mtu huridhika kujinyima ili fahali wake ashibe, kwa kuwa jaha ya fahali ni jaha ya nyumba, na ya nyumba ni ya ukoo, na ya ukoo ni ya kijiji kizima.

Siku ya mchezo, ambayo aghalabu huwa Jumamosi au siku ya sikukuu, safari huanza alfajiri, kabla jua halijamchosha mnyama. Vijana hutangulia na matawi mabichi mikononi, filimbi zinalia, baragumu la pembe ya paa linapulizwa, na ngoma za isukuti, ambazo hupigwa tatu pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, humsindikiza fahali kwa mwendo wa mbio mpaka uwanjani, Malinya au Shinyalu au Khayega. Mlezi wake hukimbia ubavuni mwake, fimbo mkononi, akimsemesha. Sauti ile mnyama ameizoea tangu udogoni, na katika makelele ya maelfu ya watu ndiyo pekee anayoijua. Mafahali wawili wakiisha kukabiliana, pembe hufungamana, shingo hutuna, vumbi hupanda, na watu huwazunguka karibu mno, pengine karibu kuliko inavyofaa. Pambano laweza kwisha kwa dakika chache, laweza kuchukua zaidi. Haliishi kwa kifo, huisha mmoja anapogeuza mgongo na kukimbia, na hapo hukumu imepita, haihitaji maelezo ya mwamuzi. Ngoma za mshindi hurudi nyumbani zikiimba. Za aliyeshindwa hunyamaza, na mlezi wake huanza tena siku ileile kuosha majeraha.

Desturi hii haikuzaliwa na tiketi. Mizizi yake imo katika taadhima ya wazee, maana mtu mwenye heshima akifariki, mafahali huletwa nyumbani kwake katika maombolezo yanayoitwa shilembe, na ng'ombe hukanyaga ardhi ya kaburi lake kwa vishindo vya isukuti, ili nchi ijue kwamba aliyelala hapo hakuwa mtu wa kupita tu. Ngoma hiyo ya isukuti UNESCO iliiandika mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kuhifadhiwa kwa haraka, na haraka hiyo ina sababu, kwani wazee wajuao nyimbo wanapungua na vijana wanatoka vijijini kwenda kutafuta kazi. Pambano la mafahali, kwa upande wake, limepata nguvu mpya kwa viingilio, kwa madau ya watazamaji na kwa wanasiasa. Boni Khalwale, seneta wa Kakamega, amejulikana kote Kenya kwa ufugaji wa mafahali wa kupigana kama anavyojulikana kwa siasa, na hakuna kampeni ya huko isiyopita uwanjani.

Lakini nguvu hiyo ina bei yake, na sioni haki kuificha. Wako wenye kunoa pembe za mafahali wao, wako wenye kuwanywesha pombe, na wako wenye kuwarudisha uwanjani kabla jeraha halijapona, kwa sababu dau limekuwa kubwa na subira imekuwa ndogo. Mambo hayo ni uharibifu wa desturi, wala si desturi yenyewe. Mzee wa Isukha aliyempiganisha fahali wake kwa ajili ya jina la ukoo hakuwa na haja ya kumlevya. Tena iko hatari ya mlezi. Mwezi wa Januari 2024, fahali aitwaye Inasio, mali ya seneta huyo, alimuua mtu aliyekuwa akimtunza, na seneta akamchoma fahali mkuki. Msiba huo uliwakumbusha watu jambo ambalo shamrashamra hulifunika: kwamba kwa kila fahali anayetazamwa kwa saa moja yuko mtu aliyelala karibu naye miaka, bila dhamana yoyote zaidi ya ujuzi wake na bahati yake.

Kisiwani Pemba mchezo wa ng'ombe una sura nyingine kabisa. Wenyeji husimulia kuwa uliachwa na Wareno, ambao enzi yao katika pwani hiyo ilikoma Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipotwaliwa mwaka 1698. Huchezwa msimu wa kiangazi, katika vijiji kama Kengeja na Chwale, na ng'ombe hapigani na mwenzake. Hukabiliwa na mtu. Hufungwa kamba ndefu, zumari hulia, ngoma huitikia, wanawake waliojipamba kwa kanga hupiga vigelegele, na mchezaji humwendea na kitambaa mkononi, akimtania na kumkwepa kwa wepesi wa mwili. Hakuna upanga wala hakuna anayeuawa, na jioni ng'ombe hurudi malishoni kwake na mwenyewe. Naona hapa rehema ambayo Wareno, kama kweli ni wao walioleta mchezo, hawakuja nayo. Wapemba wameufanya mchezo uwe wao kwa kuuondolea damu. Ng'ambo ya bahari, katika pwani ya Batina ya Omani na huko Fujaira, wako pia mafahali wanaosukumana kwa vichwa, wakilishwa tende na samli, nao wamefungwa kamba ili watenganishwe mara tu mmoja anapozidiwa.

Sasa na tuvuke mpaka Marekani, ambako mambo haya yamefanywa kuwa taaluma yenye vitabu vya kanuni. Rodeo, mchezo wa wachunga ng'ombe, una chama chake kikuu chenye mizunguko 12 ya kimkoa, na katika kila mzunguko wapanda farasi na mafahali husafiri mji hadi mji, wakikusanya fedha za zawadi mpaka mwisho wa msimu. Mpandaji wa fahali hujishika kwa mkono mmoja na hutakiwa kukaa mgongoni kwa sekunde 8. Akidumu, hupewa alama katika mia. Jambo lililonishangaza na kunifurahisha ni kwamba nusu ya alama hizo si za mtu, ni za mnyama: kadiri fahali alivyoruka, alivyopinda na alivyopiga mateke, ndivyo alama zinavyopanda. Kwa hiyo mnyama hugawiwa kwa kura, kwani kupata fahali mzembe ni kunyimwa ushindi kabla ya kupanda, na kwa hiyo pia mtu anayeleta mifugo, mwenye mashamba, malori na daktari wa wanyama, ni nguzo ya shughuli nzima. Huchagua mbegu, huandika nasaba za mafahali wake kama watu waandikavyo shajara za koo, na jina la fahali hodari hukumbukwa sambamba na jina la aliyempanda.

Walakini mtoa mifugo naye akipewa madaraka yote huweza kuwa dhalimu. Mwaka 1936, huko Boston, wapandaji waligoma dhidi ya W. T. Johnson, mtu wa Texas aliyekuwa mwenye wanyama na mwandaaji wa mashindano kwa wakati mmoja, wakilalamika kwamba zawadi alizotoa zilikuwa ndogo mno kuliko ada walizotozwa na gharama za safari zao. Wakashinda, wakaunda chama chao, na chama hicho, baada ya kubadili jina mara mbili, ndicho kinachoendesha mizunguko niliyoitaja. Funzo lake ni la insafu: mwenye uwanja, mwenye mnyama na mwenye kuhatarisha mwili wake hawana budi kukaa meza moja, na hesabu ya fedha ifunguliwe mbele ya wote.

Nimesikia vijana wa mji huu wakisema kwamba Katanga nayo ingefaa kuwa na mchezo wa ng'ombe, kwa kuwa nyanda tunazo, mashamba yapo na watu wapenda michezo hawahesabiki. Sipingi, ila naogopa tutaanza palipo rahisi, yaani kwenye kiwanja, vipaza sauti na mabango ya wadhamini, tukaenda kununua mafahali wa nyama mpakani Kasumbalesa na kuwaingiza mbele ya umati wasiouzoea. Huo utakuwa ukatili kwa mnyama na hatari kwa watu, na hautadumu misimu miwili. Mahali pa kuanzia ni zizini. Wachungaji wa Biano, wanaojua ng'ombe gani ana hasira na yupi ana ushupavu, waitwe kwanza, waulizwe, walipwe kama wajuzi na wawekewe bima. Madaktari wa mifugo wapewe mamlaka ya kumkataza fahali yeyote asiingie. Pembe zisinolewe, pombe isinywewe na mnyama, na mfano wetu uwe wa Pemba, ambako ng'ombe hurudi nyumbani mzima, kuliko wa dau. Kazi hiyo itachukua miaka, kwani fahali halelewi kwa mwezi mmoja. Nawaomba wenye mashamba na wakuu wa jimbo wasiidhinishe kiwanja hata kimoja kabla ya kuwakalisha wachungaji hao mezani na kuwasikiliza mpaka mwisho.