Ukishajibiwa "nzuri"

Huku kwetu, kuanzia stendi ya Moshi mjini hadi vihamba vya Kibosho na Marangu, salamu hazina uhaba. Habari za nyumbani, za watoto, za migomba, na jibu ni lile lile: nzuri. Hata aliyekesha akiangalia paa hujibu nzuri. Tunapofundisha wanajamii namna ya kuzuia mtu asijiue, kazi ngumu kuliko zote ni kumzoeza mtu mzima, tena mwenye adabu zake, asiridhike na jibu hilo.

Zoezi tunalifanyia kwenye benchi. Mzee wa kanisa anakaa na kijana anayeigiza mtu aliyezidiwa na marejesho ya mkopo. "Kijana wangu, siku hizi hushuki sokoni." "Nimechoka, mzee. Mtapumzika na mimi karibuni." Neno limeshasemwa, lakini mzee analipita: anamwambia ajikaze, amwombe Mungu. Wenzake wanaguna. Tunarudia, na mara ya tatu ndipo swali linamtoka, kwa sauti ya chini: "Unaposema tutapumzika, unafikiria kujiua?"

Wengi huogopa kwamba swali hilo litampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Tafiti hazikuona hivyo. Aghalabu anayeulizwa hupata ahueni, maana mzigo umepata mtu wa pili. Baada ya swali, kazi ni kusikiliza bila kuhubiri, kutomwacha peke yake, na kumsindikiza hospitali. Kumsindikiza, si kumwelekeza njia.

Hofu nyingine ina msingi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na familia inayoogopa polisi huficha mgonjwa. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinakiuka katiba. Kwa maoni yangu, nasi tumechelewa.

Kuna jambo wakulima hulielewa haraka kuliko wasomi. Wimbi la kutaka kufa hupanda na kushuka, mara nyingi ndani ya muda mfupi. Kinachomfaa mtu saa hiyo ni umbali kati yake na kitu cha kumdhuru. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, vifo vya kujiua vilipungua sana. Inakadiriwa watu 93,000 waliokolewa kati ya 1995 na 2015. Huku kwetu mlimani, ambako dawa ya kunyunyizia kahawa hukaa chini ya kitanda ili isiibwe, mazungumzo haya huwa marefu. Mama mmoja aliuliza ufunguo wa sanduku la kufungia dawa akae nao nani, ikiwa mwenye shamba ndiye mwenye huzuni. Darasa likaamua: jirani.

Wataalamu ni wachache, ndiyo maana tunawategemea majirani. Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda aliwafunza bibi wa mitaani kuwakalisha watu kwenye benchi na kuwasikiliza, na utaratibu huo umefika hata Zanzibar. Hapa Moshi, watafiti wa hospitali ya KCMC pamoja na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani wamejaribu ushauri nasaha unaotolewa kwa mbali kwa watu wanaoishi na VVU wenye mawazo ya kujiua.

Mimi hupendelea mafunzo yafanyike kabla ya Desemba. Magari yanapoanza kupanda Rombo na Machame kwa ajili ya Krismasi, aliyekosa nauli na kitoweo cha kuwaletea wazazi hubaki Dar au Arusha, na nyumbani huwa anasemwa tu, haulizwi hali. Kwa hiyo mwisho wa siku namwomba kila mshiriki aandike kwenye karatasi jina la mtu wa ukoo wake ambaye mwaka jana hakupanda, kisha atoke nje ampigie simu. Uwanja hujaa watu wanaotembea huku na huku, simu sikioni, na chai inapoa.