Sindano ya samaki ya Seoul si ile ya saluni ya mtaani kwako

Kama unaishi TikTok kama mimi, basi ushaiona. Dada amelala kwenye kitanda cha kliniki jijini Seoul, uso umejaa vinundu kana kwamba ameumwa na mbu mia moja, na chini ya video ameandika kwamba amedungwa manii ya samaki. Usicheke kwanza. Si mzaha, na ukipita maduka ya vipodozi hapa Nairobi leo utakuta seramu kibao zenye herufi nne zilezile: PDRN.

PDRN ni vipande vya DNA vinavyotolewa kwenye mbegu za kiume za samaki, hasa samoni, kisha vikasafishwa sana. Haikuanza kama mambo ya urembo. Madaktari waliitumia kusaidia vidonda kupona. Korea Kusini wakaona, kama inasaidia kidonda, mbona isisaidie ngozi iliyochoka? Kampuni ya PharmaResearch ikaleta Rejuran sokoni mwaka 2014. Daktari anaidunga ndani ya ngozi, tone kwa tone, uso mzima, na inauma vibaya. Vinundu vinaisha baada ya siku moja mbili, halafu unarudi tena baada ya wiki kadhaa, mara tatu au nne hivi. Jennifer Aniston alikiri 2023 kwamba ameijaribu, Kim Kardashian akafuata, na dunia nzima ikawehuka.

Kinachonivutia ni kwamba hii sindano haibadilishi sura. Haikuzi mdomo, haiinui pua. Wakorea wengi siku hizi wanataka uso uleule, ila ngozi iwe nyororo na yenye unyevu mpaka ing'ae kama kioo. Zamani ulikuwa ukiambiwa ufuate hatua kumi za kupaka kila usiku. Sasa watu wamechoka na chupa kumi, wanatafuta kitu kimoja kinachofanywa na mtaalamu.

Na wataalamu wako wengi ajabu. Tembea Gangnam au Apgujeong na utaona jengo moja lenye kliniki kila ghorofa, zikishindana kwa bei. Mwaka 2024 zaidi ya wageni milioni 1.1 walienda Korea Kusini kutibiwa, na zaidi ya nusu yao walienda kwa sababu ya ngozi. Watu wanapanda ndege kwa ajili ya uso, msee!

Lakini hata kule kuna ujanja wa kujua. Si kila anayeshika sindano pale ni daktari bingwa wa ngozi. Wengi ni madaktari wa kawaida, na sheria inawaruhusu. Tofauti iko kwenye bango la mlangoni: aliyebobea anaweza kuandika neno la "kliniki ya ngozi" kama sehemu ya jina la kliniki yake, asiyebobea lazima aandike kwamba ngozi ni mojawapo tu ya huduma anazotoa. Baadhi yao wanaandika maneno hayo ya ziada kwa herufi ndogo hivi kwamba mgeni hayaoni. Ila angalau wote ni madaktari. Mtu asiye daktari kukudunga Rejuran kule ni kesi.

Sasa hapo ndipo safari ya hiyo bidhaa kutoka Seoul hadi kwako inapoharibika. Chupa inafika. Daktari anabaki Seoul.

Wacha nikueleze kwa nini hiyo ni shida. Wanasayansi wa ngozi wana kanuni moja maarufu: kitu kikizidi uzito wa daltoni 500, ni vigumu sana kupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Vipande vya PDRN vina uzito kuanzia daltoni 50,000 hadi 1,500,000. Yaani unajaribu kupitisha matatu kwenye tundu la ufunguo. Ukipaka hiyo seramu ya PDRN inakaa juu, inakupa unyevu, unang'aa kidogo, basi. Si mbaya. Lakini si kile ulichoona kwenye video.

Wakorea wenyewe wanajua hivyo, ndiyo maana mtindo mpya ni kutafuta njia ya kupita. Kuna Reedle Shot ya kampuni ya VT, krimu yenye visindano vya silika visivyoonekana kwa macho. Ukiipaka unahisi kama umesugua upupu. Ilipoingia maduka ya bei nafuu ya Daiso kwa won 3,000, chini ya Sh300, watu waliipigania hadi rafu zikabaki tupu. Kuna pia vifaa vya nyumbani vya Medicube vinavyotumia umeme mdogo kusaidia seramu iingie. Kampuni inayovitengeneza, APR, iliingia soko la hisa mwezi Februari 2024, na mwaka uliofuata thamani yake ikaipiku Amorepacific, mzee wa vipodozi vya Korea aliyekuwepo tangu 1945.

Hapa kwetu tuna njia ya mkato. Kalamu ya sindano na dada wa saluni.

Nilienda mwaka jana. Sitataja ni wapi. Nilikuwa na makovu ya chunusi kwenye mashavu na harusi ya binamu yangu ilikuwa inakaribia. Aliyenihudumia aliniita mrembo, akanionyesha kichupa chenye maandishi ya Kikorea ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma, akasema ni "ile ya samaki". Sh4,500. Akanitoboa uso mzima na kalamu, akanipaka ile seramu juu ya ngozi inayotoka damu. Siku ya tatu uso ulivimba. Wiki ya pili uvimbe ukaisha na madoa meusi yakaanza, yenye mistari ileile kalamu ilikopita. Kwenye picha za harusi nimesimama nyuma ya shangazi kwa makusudi.

Daktari niliyemwendea baadaye aliniuliza swali moja tu: hiyo chupa ilikuwa ya kupaka au ya kudunga? Sikujua kuna tofauti. Kumbe seramu ya kupaka haitengenezwi iwe safi kwa kiwango cha kuingia ndani ya mwili. Ina manukato, ina vihifadhi, vitu ambavyo juu ya ngozi havina noma lakini ndani mwili unavipiga vita. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani waliripoti wanawake watatu waliotokwa na vinundu usoni baada ya kutobolewa kwa sindano ndogo na kupakwa bidhaa namna hiyo.

Halafu kuna melanini. Ngozi nyeusi ikiumizwa, seli zinazotengeneza rangi hupata mshtuko na kumwaga rangi kupita kiasi, na doa linaweza kukaa miezi au hata zaidi ya mwaka. Kipimo ambacho madaktari hutumia kupanga aina za ngozi, cha Fitzpatrick, kilianza 1975 kwa ajili ya ngozi nyeupe. Sisi wa daraja la tano na la sita tuliongezwa baadaye. Wakorea wengi wako la tatu na la nne. Kwa hivyo hata ile leza yao maarufu ya kufifisha madoa, inayopigwa kwa nguvu ndogo mara nyingi nyingi, ikipigwa kupita kiasi inaweza kuacha vidoa vyeupe, na hivyo huonekana zaidi kwenye ngozi kama yangu. Ukitaka leza, muulize anayekuhudumia ameshawapiga watu weusi wangapi. Akianza kukuzungusha, chukua mkoba wako.

Na jina lake litafute kwenye sajili ya KMPDC mtandaoni. Ni bure, dakika mbili. Mimi nilitumia muda mrefu zaidi kuchagua viatu vya ile harusi.

Ukiniuliza Wakorea wanafanya nini vizuri ambacho unaweza kuiga bila kudungwa, nitakuambia krimu ya kukinga jua. Zao ni nyepesi, na nyingi hazikuachi na uso wa majivu. Bila hiyo madoa hayaishi, pakaa chochote unachotaka. Ya pili ni niasinamidi. Sheria yao inaitambua kama kitu cha kufifisha madoa ikiwa kati ya asilimia 2 na 5, si zaidi, kwa hivyo yule anayekuuzia ya asilimia 20 anakuuzia hasira ya ngozi. Hizo mbili, kila siku, ndizo zimenirudisha. Miezi minane. Limebaki doa moja chini ya jicho la kushoto.

Wiki jana yule dada wa saluni alinitumia ujumbe. "Mrembo, sasa tumeleta eksosomu kutoka Korea, inashinda ya samaki." Eksosomu ni vifuko vidogo mno vinavyotolewa na seli, na ndiyo habari mpya Gangnam saa hii. Kule zinauzwa kama vipodozi vya kupaka, hazijaidhinishwa kudungwa. FDA ya Marekani nayo haijaidhinisha hata moja.

Nilimuuliza kama ni ya kupaka au ya kudunga. Mpaka sasa hajajibu.