Vijia vya Arabuko-Sokoke: Ushirika wa Wanafunzi na Waongozaji wa Msitu katika Utafiti

Utafiti wa nyanjani, kama unavyofundishwa madarasani, huwa na mtafiti mmoja na watafitiwa wengi. Mtafiti ana maswali, hojaji na kinasa sauti. Watafitiwa wana majibu. Mpangilio huo huanza kuyumba pindi mwanafunzi anapofika kituo cha msitu cha Gede, katika Kaunti ya Kilifi, na kukutanishwa na mwongozaji ambaye amevipita vijia vya msitu wa Arabuko-Sokoke tangu ujana wake. Makala haya yanadhamiria kufafanua jinsi ushirika wa wanafunzi wa vyuo na vikundi vya waongozaji wa aina hiyo unavyofanya kazi, na kwa nini suala la lugha, ambalo aghalabu huchukuliwa kuwa jambo dogo la utekelezaji, huwa na sauti kubwa katika kuamua ni nani atakayefaidika.

Msitu wenyewe una ukubwa wa takriban kilomita mraba 420. Ndio kipande kikubwa zaidi kilichosalia cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Una sehemu za mirihi katika mchanga mweupe, sehemu za mseto zenye mibambakofi, na vichaka vizito vya mifunda katika udongo mwekundu. Tangu miaka ya 1990, vijana wa vijiji vinavyouzunguka wamefunzwa kuwaongoza wageni humo na wakajiundia chama chao. Jirani nao, katika Hori ya Mida, wenyeji wamejenga ulalo wa mbao na kamba unaopita katikati ya mikoko. Ada wanayotoa wageni huko imekuwa ikichangia karo za wanafunzi wa shule za upili chini ya mpango ulioanzishwa mwaka 2001. Kwa hiyo elimu na vijia hivi vilikwisha kufahamiana kabla ya mwanafunzi wa chuo kuwasili na daftari lake.

Je, mwongozaji huleta nini katika utafiti? Mfano wa kuhesabu ndege unatosha. Njia iliyozoeleka ni kutembea katika kijia kilekile, saa ileile ya alfajiri, kwa mwendo wa polepole, na kuandika kila ndege anayeonekana au kusikika. Msituni, ndege wengi husikika tu. Mwanafunzi aliyehitimu somo la biolojia lakini asiyeijua milio ataandika labda theluthi ya waliopo, na takwimu zake zitaonyesha msitu maskini kuliko ulivyo. Sikio la mwongozaji, lililonolewa kwa kusikiliza mwaka baada ya mwaka, ni chombo cha utafiti kama zilivyo darubini na ramani. Tofauti ni kwamba darubini haiwezi kueleza kwa nini ndege fulani amenyamaza asubuhi hii.

Bundi mdogo wa Sokoke, ambaye wanasayansi humwita Otus ireneae, ni kielelezo kingine. Aligunduliwa na sayansi mwaka 1965. Hana hata sentimita 20, hujibanza mchana katika vichaka vya mifunda, na kumpata bila mtu anayefuatilia mahali anapolala ni kazi ya kubahatisha. Inafaa kutajwa hapa, ijapokuwa kwa kupitia tu, kwamba katika fasihi simulizi ya jamii nyingi za pwani na bara bundi ni ndege wa mikosi. Kwa mwongozaji wa Gede, bundi huyuhuyu ni riziki. Mwanafunzi wa fasihi anayetaka kuchunguza namna imani hubadilika maisha yanapobadilika hana haja ya kwenda mbali.

Mfano ulio bora zaidi, hata hivyo, uko nje kidogo ya msitu. Mnana wa Clarke, ndege wa manjano na mweusi apatikanaye Kilifi pekee, alielezwa kisayansi mwaka 1913. Kwa karne nzima hakuna mtaalamu aliyejua anakojenga kiota chake. Ilikuwa mwaka 2013 tu, katika ardhioevu ya msimu huko Dakatcha, kaskazini-magharibi ya Malindi, ambapo wataalamu wakishirikiana na wahifadhi wa kijijini walikiona. Vidimbwi hivyo hujaa mvua inaponyesha na kukauka baadaye. Anayejua ni lini na wapi vimejaa ni mkazi. Maktaba haikuwa na jibu kwa sababu mwenye jibu hakuwa ameulizwa kwa namna inayomwezesha kulitoa.

Hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia. Hojaji nyingi zinazopelekwa msituni huandikwa kwa Kiingereza, kisha hufasiriwa papo hapo, mara nyingi na mwongozaji mwenyewe, ambaye nyumbani husema Kigiriama, huzungumza Kiswahili na maofisa wa misitu, na Kiingereza na wageni. Tafsiri hiyo ya haraka hubeba mzigo wote wa data, lakini haitajwi katika sura ya mbinu za utafiti. Chukua swali la kawaida: msitu unawaletea nini? Likifasiriwa kwa neno faida, mkulima anaweza kufikiria fedha, kwa kuwa faida katika matumizi ya kila siku hunuka biashara, naye atajibu kwamba hakuna. Likifasiriwa kwa neno manufaa, huyohuyo anaweza kutaja mvua, dawa, uyoga na kivuli. Majibu mawili yanayokinzana, mtu mmoja, swali moja. Hata neno msitu lina utata wake. Mgiriama husema tsaka, neno lenye nasaba na chaka la Kiswahili. Lakini kwa Mswahili chaka ni vichaka vilivyosongamana tu, ilhali kwa Mgiriama laweza kuwa msitu mzima. Mtafiti asiyelijua hilo atachora mipaka ambayo msailiwa wake hakuikusudia.

Kuna pia suala la majina. Fungua kamusi zetu za Kiswahili utafute miti na ndege: mara nyingi maelezo huishia kwenye "aina ya mti" au "aina ya ndege", na msomaji hubaki alipokuwa. Waongozaji wa Arabuko-Sokoke wanaweza kuutaja mti mmoja kwa Kigiriama, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Kilatini, kisha wakaeleza gome lake linanukaje na ni ndege gani hula tunda lake. Hiyo ni leksikografia inayotembea. Wala wanazuolojia hawaoni haya kuazima kwetu: mwaka 1997 Jonathan Kingdon alipendekeza kwamba wale wanyama wadogo wenye pua ndefu, ambao Kiingereza kilikuwa kikiwaita panya-tembo, waitwe sengi, neno lililotokana na lugha za Kibantu. Sengi mwenye kiuno cha dhahabu ni mkazi maarufu wa msitu huu. Ikiwa wataalamu wa wanyama wameliona pengo hilo, idara za Kiswahili zina udhuru gani?

Ushirika wa haki hudai zaidi ya kusikiliza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika utafiti, mgeni huja, huchukua, na mwenyeji hubaki akisubiri kupona. Tasnifu hufungwa jalada gumu na kuwekwa maktabani, kwa lugha ambayo wazee waliohojiwa hawaisomi. Jina la mwongozaji, likitajwa, huwekwa katika ukurasa wa shukrani kati ya dereva na mpiga chapa. Ikiwa yeye ndiye aliyetambua milio na kuchagua vijia, pahali pake ni miongoni mwa waandishi wa ripoti. Sheria nayo ina neno. Leseni ya utafiti hutolewa na tume ya kitaifa iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013, na kila mwanafunzi huijua kwa sababu msimamizi wake huiulizia. Isiyojulikana sana ni sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi, ambayo hutaka jamii yenye maarifa iridhie kabla hayajatumiwa. Anayeandika orodha ya mizizi ya dawa kutoka kwa mzee wa Gede anaguswa nayo moja kwa moja.

Kiutendaji, mambo kadhaa hayahitaji fedha nyingi. Mswada wa hojaji unaweza kusomwa na waongozaji kwa Kiswahili kabla ya kutumiwa, wakaondoa maswali yasiyo na maana kijijini. Wao pia waruhusiwe kuongeza maswali yao. Ni wao wanaotaka kujua, kwa mfano, kama kijia kinachopitwa na wageni wengi kimewafukuza ndege. Matokeo yaandikwe kwa kurasa chache za Kiswahili na kusomwa hadharani katika baraza, siyo kutumwa kwa posta. Nakala ibaki kituoni.

Wakati nao huchaguliwa. Katika mvua za masika, Aprili hadi Juni, wageni hupungua, vijia hujaa tope, na waongozaji huwa na nafasi ya kukaa na wanafunzi kwa utulivu. Ndege wahamiaji wa Ulaya watakuwa wamekwisha kuondoka, lakini kuanzia Aprili hadi Oktoba kuna kurumbiza mwenye madoa, mhamiaji atokaye kusini, anayepekua majani makavu chini ya miti. Ni mwoga sana. Mwanafunzi atahitaji kumfuata mwongozaji kwa nyuma, na anyamaze.