Umumunyifu na Tafsiri ya Vipimo vya Usumu wa DEHP kwa Viumbe wa Majini

Ftalati ya di(2-etilheksili), ijulikanayo zaidi kwa kifupisho DEHP, ni kimiminika cha mafutamafuta kinachotumika kulainisha plastiki ya PVC. Imetumika katika mipira ya maji, maganda ya nyaya za umeme, vifuniko vya sakafu na hata mifuko ya kuhifadhia damu. Kwa kuwa haijafungamana kikemia na plastiki yenyewe, hujitoa polepole na hatimaye kufika mitoni na maziwani. Swali la iwapo inawadhuru viumbe wa humo huonekana jepesi: watiwe viumbe katika maji yenye kemikali hiyo, kisha wahesabiwe waliodhurika. Ugumu huanza pale inapobidi kueleza maji hayo ni maji gani.

Tafiti za awali zilitaja umumunyifu wa DEHP katika maji kuwa mamia ya mikrogramu kwa lita. Tathmini ya hatari ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008, iliyoandaliwa na Uswidi, ilichukua mikrogramu 3 tu kwa lita. Tofauti kubwa kiasi hicho ina maelezo yake. DEHP inapokorogwa kwa nguvu hugawanyika kuwa vitone vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na kipimo cha jumla ya kemikali katika sampuli huvihesabu pamoja na molekuli zilizomumunyika kwa kweli. Iwapo miligramu 1 itatiwa katika lita 1 ya maji, basi kwa kikomo cha mikrogramu 3, zaidi ya asilimia 99 ya kemikali hiyo itabaki kuwa vitone, utando juu ya maji, au mabaki yaliyonata kwenye kuta za chombo.

Athari ya jambo hili huonekana wazi zaidi kwa Daphnia magna, kidudu kidogo cha maji baridi kinachotumiwa sana katika vipimo hivi. Kwa mujibu wa Mwongozo namba 202 wa OECD, kidudu huhesabiwa kuwa kimeathirika ikiwa, baada ya saa 24 au 48, hakiwezi kuogelea ndani ya sekunde 15 tangu chombo kitikiswe taratibu. Kigezo hicho hakiulizi sababu. Daphnia aliyenaswa kwenye utando wa mafuta juu ya maji hawezi kuogelea. Vivyo hivyo yule ambaye viungo vyake vya kuchujia chakula vimegubikwa na vitone. Wote wawili huandikwa katika jedwali sawasawa na aliyelemazwa na sumu iliyoingia mwilini. Kwa hiyo, thamani ya EC50 iliyopatikana juu ya kikomo cha umumunyifu haina budi kusomwa kwa tahadhari, kwani huenda inaeleza mnaso wa kimwili na si usumu. Mtafiti anayeeleza katika ripoti yake kwamba vidudu vilionekana vikielea juu humsaidia msomaji kuliko anayetoa namba peke yake.

Njia ya kawaida ya kukwepa tatizo hili ni kutumia kiyeyushi kama asetoni. Mwongozo namba 23 wa OECD kuhusu kemikali ngumu kupimwa, uliotolewa mwaka 2000 na kurekebishwa mwaka 2019, unataka kiyeyushi kisizidi mililita 0.1 kwa lita, na kundi linganishi la kiyeyushi liwepo. Hata hivyo, kiyeyushi hakipandishi kikomo cha umumunyifu kwa kiasi hicho kidogo. Huharakisha tu usambaaji, na mara nyingine huzaa vitone vilevile vilivyokusudiwa kuepukwa. Katika jaribio la uzazi la siku 21, asetoni huweza pia kuwa chakula cha bakteria. Njia iliyo bora ni kuipaka kemikali kwenye silikoni na kuiacha ijigawe yenyewe kuelekea majini hadi msawazo ufikiwe. Vitone havijitokezi, na kinachopotea kwa kunata kwenye kuta au kwenye mwani wa kulishia hufidiwa na akiba iliyomo katika silikoni.

Kutenganisha vitone baada ya kuchanganya si rahisi. Kichujio hufyonza hata molekuli zilizomumunyika, hivyo mashine ya kuzungusha kwa kasi hupendelewa. Lakini DEHP ni nyepesi kidogo kuliko maji; vitone vyake hupanda juu badala ya kutuama, na sampuli inapaswa kuchotwa katikati ya chombo. Isitoshe, maabara yenyewe ni chanzo cha kemikali hii: mpira wa PVC unaopitisha maji au glavu za plastiki laini zinaweza kuingiza kiasi kinachokaribia kile kinachopimwa. Vyombo vya kioo na chuma cha pua ni vya lazima, na vipimo vya maji ya kundi linganishi vinapaswa kuripotiwa.

Inapotokea kwamba maji yaliyoshiba DEHP hayakumdhuru kiumbe yeyote, kauli sahihi ni kuwa hapakuonekana athari hadi kikomo cha umumunyifu, kwa kiumbe huyo na kwa muda huo. Kuigeuza kuwa kauli kwamba kemikali haina madhara majini ni kuruka hatua. Saa 96 za jaribio la samaki huenda zisitoshe kwa kemikali inayopenda mafuta kiasi hiki kufikia msawazo mwilini. Tena, sehemu kubwa ya DEHP mtoni haibaki majini. Hunata kwenye mashapo, ambako mabuu na minyoo huimeza pamoja na chakula. Kwa njia hiyo majaribio ya mashapo, kama Mwongozo namba 218 wa mabuu wa Chironomus, hujibu swali ambalo chombo cha maji matupu hakiwezi kulijibu.

Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya uliitambua DEHP kuwa kemikali inayovuruga homoni katika mazingira. Ushahidi uliotegemewa zaidi ulihusu kupungua kwa testosteroni na kasoro za uzazi kwa panya wa maabara, jambo ambalo jaribio la saa 48 la Daphnia halikuundwa kulipima.