Kiu na Nuru Ndani ya Jani

Aghalabu mmea hutuvutia macho kwa ua lake au tunda lake, na jani tukalipita kana kwamba ni pambo la tawi tu. Ilhali lau mtu angelikata jani kwa wembe mkali, akakitia kipande chembamba chini ya hadubini, angeliona jinsi ukame, chumvi na jua la mahali mmea uishipo vilivyoamua ujenzi wa tabaka zake.

Majani mengi yana muundo mmoja wa asili. Juu pana ngozi yenye nta. Chini yake husimama wima seli ndefu zenye rangi ya chanikiwiti, ambazo ndizo zitengenezazo sehemu kubwa ya chakula. Kisha huja seli zilizoachana ili hewa ipite, na ngozi ya chini yenye vitundu. Taabu yote ya jani imo katika vitundu hivyo, kwani kila vifunguliwapo ili hewa ya kaboni iingie, mvuke wa maji hutoka.

Yungiyungi la bwawani halina haja ya kuogopa kiu: vitundu vyake viko upande wa juu ulioelekea hewani, na sehemu ya chini imejaa nafasi pana za hewa zinazolifanya jani lielee juu ya maji.

Mkonge, ambao asili yake ni Mexico, na ambao mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliuleta Tanganyika mwaka 1893, ni kinyume chake kabisa. Jani lake nene limevikwa nta nzito, vitundu vimezama ngozini, kiini chake kimejaa seli za kuhifadhi maji, na nyuzi tunazosokotea kamba ndizo zinazolisimamisha. La ajabu zaidi, vitundu hivyo hufungwa mchana wa jua kali vikafunguliwa usiku. Hewa inayoingia huwekwa akiba katika hali ya asidi, na kukipambazuka nuru huifanyia kazi ikawa sukari.

Wangapi wangedhani kwamba mchu, usimamao katika maji ya bahari, nao una kiu? Maji yake ni ya chumvi, na kwa hiyo jani limejiwekea tabaka za seli za akiba chini ya ngozi ya juu, vitundu vyake vimefichwa upande wa chini ndani ya vinyweleo vilivyosongamana, na tezi ndogo hutoa chumvi nje, hata ukiliramba jani siku kavu utaionja.

Tena tofauti hizi hupatikana katika mti mmoja. Majani ya kileleni huwa manene, yenye seli ndefu za wima, pengine safu mbili. Ya kivulini huwa mapana na membamba. Ndiyo maana mche uliolelewa kivulini, ukitolewa juani ghafla, majani yake huungua: yalijengwa kwa nuru haba, na mche hauna budi kuchipua mengine.